Kutoka Bahi hadi Kondoa na Turubai la Silikanti

Jumapili, Dodoma mjini

Turubai limekamilika jioni hii. Mchora mabango wa Majengo amemchora silikanti, samaki wa bahari ya kina, kwa ukubwa wake halisi, mita moja na sentimita 70 kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, mwili wa buluu iliyokolea na madoa meupe yaliyotapakaa ubavuni. Nilimwomba asiyapange madoa hayo kwa utaratibu wowote. Kila silikanti ana madoa yake yasiyofanana na ya mwenzake, na watafiti walioshuka kwa nyambizi ndogo huko Komoro waliwatambua mmoja mmoja kwa madoa hayo.

Kesho naondoka. Ni likizo ya Juni, na walimu wenzangu wa baiolojia wamenialika kwenye kambi zao za masomo. Nitapita Bahi, Manyoni na Singida, nitapanda Katesh hadi Babati, halafu nitashuka Kondoa na kurudi nyumbani. Kila mwenyeji alinipa mada yake: mmoja anataka upumuaji, mwingine uzazi, mwingine mageuko ya viumbe. Nimewajibu wote kwamba nakuja na samaki mmoja, na mada zote zimo ndani yake.

Nimemchagua kwa sababu ni wetu, na watoto wengi wa kanda ya kati hawajaambiwa kuwa ni wetu. Waliomsikia wamemsikia kama samaki wa Afrika Kusini, maana ndiko alikoonekana Desemba 1938, pale Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la mji wa East London, alipomkuta katika samaki wa meli ya uvuvi. Mwaka uliofuata mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akampa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae. Kabla ya hapo jamii yake ilijulikana kwa visukuku tu, na ilidhaniwa imetoweka tangu miaka milioni 66 iliyopita. Lakini mwaka 2003 alinaswa Songo Mnara, wilayani Kilwa. Kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga wakawa wanawatoa kwenye jarife, wavu wa kutegea papa, leo mmoja, siku nyingine kadhaa kwa mkupuo. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kwa hiyo mtoto wa Bahi anayemiliki twiga wa Serengeti kwa uraia wake anammiliki na samaki huyu.

Jumatatu, Bahi

Kosta kutoka stendi ya Nane Nane haikuchukua muda. Kondakta aliangalia lile bomba la turubai akauliza kama ni mzigo wa biashara, nikamwambia ni samaki, akalilaza vizuri nyuma ya kiti cha dereva bila kudai nauli yake.

Bahi ni mahali pema pa kuanzia. Watu wanaijua kwa mpunga, na wanaijua kwa samaki wa bwawani. Kabla ya kipindi nilipita sokoni nikanunua kambale mbichi, mkubwa, nikaenda naye darasani na kumweka mezani mbele ya turubai. Nilitaka wanafunzi waanze na samaki wanayemjua kwa mikono.

Walimweleza vizuri kuliko ambavyo ningemweleza mimi. Anakaa chini kwenye tope. Haoni mbali, anapapasa kwa ndevu zake. Maji yakipungua anavumilia, maana ana chumba juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alituonyesha chumba hicho kwa kisu, bila kuelekezwa.

Nikawaambia: sasa mtazameni huyu wa ukutani. Naye ni wa chini, lakini chini kwake ni miteremko ya miamba, mita 100 hadi zaidi ya 200, na tope hakuna. Mchana analala mapangoni, pengine na wenzake kadhaa katika pango moja bila kugombana. Usiku anatoka na kuelea taratibu karibu na mwamba, akitafuta samaki wadogo na ngisi. Matamvua yake ni madogo mno kwa mwili wa namna hiyo. Anaishi kwa sababu maji ya kule ni ya baridi, nyuzi 14 hadi 20 hivi, na maji ya baridi hushika oksijeni nyingi kuliko ya moto, na mwili wake wenyewe unatumia oksijeni kidogo sana. Ukimpandisha juu kwenye maji ya vuguvugu, mahitaji yanapanda na hewa inapungua. Hufa ndani ya saa chache.

“Madam, si apande juu avute hewa kama kambale?”

Swali hilo nililitamani. Silikanti analo pafu. Watafiti walipochunguza viinitete vyake walikuta pafu lenye ukubwa wa maana, lakini kadiri anavyokua linaachwa nyuma, na kwa mkubwa linabaki kipande kidogo kisicho na kazi ya kupumua, kimezungukwa na vibamba vigumu. Mababu zake waliokaa maji mafupi yaelekea walilitumia. Yeye alishashuka, na mlango huo ukafungwa. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha yule kijana wa kisu akasema, “Basi wavuvi wakimrudisha hai bado anakufa.” Mara nyingi, ndiyo.

Kambale alienda jikoni kwa mpishi wa shule.

Jumanne, Manyoni

Barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa, na ukigeuka nyuma unaiona bahari ya vichaka ya Bahi imebaki chini. Kipindi kilikuwa cha mchana, wanafunzi wengi, chumba kidogo. Tulizungumzia mwili kwa ujumla: mapezi yenye nyama yanayochomoza kama mikono mifupi, mkia wenye ncha ya ziada katikati, fuvu lenye kiungo ndani yake kinachomwezesha kuinua nusu ya mbele ya kichwa akitanua mdomo. Hakuna mnyama mwingine wa uti wa mgongo aliye hai leo mwenye kiungo hicho. Na uti wenyewe hana. Ana notokodi, bomba nene lenye kuta imara lililojaa majimaji, linaloshika mwili wote mahali ambapo sisi tuna pingili.

Walicheka waliposikia kuhusu ubongo. Kwa mkubwa, ubongo unachukua takriban asilimia 1.5 ya nafasi iliyomo ndani ya fuvu. Iliyobaki ni mafuta. Niliwakataza kumwita mjinga. Ubongo ni kiungo ghali kukilisha, na samaki huyu hana kiungo ghali hata kimoja.

Usiku mwenyeji wangu alinipeleka kwa baba yake, mzee wa Kigogo aliyehamia huku zamani. Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Alitaka kujua mwanawe na mimi tumeshinda tunafundisha nini, nikamweleza: samaki anayekula kidogo, anayeacha maji yamsukume badala ya kuogelea, anayelala pangoni saa zote za mwanga. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. “Huyo anaishi kama sisi mwaka wa njaa,” alisema. “Unahesabu kilichomo ghalani, hutembei ovyo, hupigi ngoma, mpaka mvua irudi.” Kisha akauliza mvua ya huyo samaki inarudi lini. Nilimjibu kwamba kwake hairudi. Mwaka wa njaa ndio maisha yake yote, na mwili umeumbika kuumudu.

Nimeandika maneno ya mzee kabla ya kulala kwa sababu yamebeba kiini cha safari hii. Watu wanapomtazama silikanti wanaona ukale. Nadhani wanatazama pembeni. Jambo kubwa ndani yake ni ubanaji: ameacha karibu kila kinachogharimu. Na mtu anayeishi kwa ghala dogo hivyo hana akiba ya kufidia hasara.

Jumatano, Singida

Pande zote za barabara ni alizeti. Kwa hiyo nilinunua chupa ndogo ya mafuta yake kabla ya kuingia darasani, na somo la leo likawa la bilauri moja, maji na mafuta.

Samaki wengi wa mifupa hujizuia kuzama kwa kibofu cha hewa. Hewa ni nyepesi, lakini hubinyika. Kila ukishuka mita 10 baharini, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi cha angahewa moja. Mita 200 chini ni angahewa 21 ukijumlisha na ile ya juu, na hewa uliyoondoka nayo imebaki sehemu moja ya 21. Samaki anayepanda na kushuka miteremko kila usiku kwa kibofu cha namna hiyo atakuwa na kazi ya kujaza na kupunguza bila kupumzika.

Nikamimina mafuta ya alizeti kwenye maji. Yakaelea. Nikawaambia: haya nayo ni mepesi kuliko maji, lakini ukiyabana hayapungui kitu cha kuhesabika. Silikanti ana kiungo kikubwa kilichojaa mafuta kando ya lile pafu lililokufa, na mafuta mengine yamo kwenye nyama na kichwani. Akipanda au akishuka, wepesi wake unabaki karibu uleule. Haongezi chochote, hatoi chochote. Msichana wa mbele aliikoroga bilauri, akasubiri, akatazama mafuta yakirudi juu, akaikoroga tena. Sikuwa na la kuongeza.

Swali la mageuko lilikuja kutoka kwa mlinzi wa shule, mtu wa Musoma, aliyekuwa amesimama dirishani. “Mwalimu, huyo si ni kamongo?” Alimtambua kwa yale mapezi ya nyama. Nikamkaribisha ndani aeleze darasa kuhusu kamongo wa Ziwa Victoria, na alieleza: mrefu, mapezi kama kamba, hupanda juu kuvuta hewa, ukimkata bado anataka kuuma.

Ameona kitu cha kweli. Silikanti na kamongo wote ni wa kundi la samaki wenye mapezi ya nyama, kundi ambalo ndani yake walitoka wanyama wote wa miguu minne, na sisi tumo. Kwa miaka mingi ilibishaniwa ni yupi kati ya hao wawili aliye karibu zaidi nasi. Jenomu ya silikanti, yaani vinasaba vyake vyote kwa mpangilio, ilipochapishwa mwaka 2013, jibu likaegemea kamongo. Nilimwona yule mlinzi akinyooka mabega.

Mwanafunzi akauliza kama basi silikanti anatembea chini ya bahari kwa yale mapezi. Wanasayansi wa zamani walidhani hivyo. Mwaka 1987 Hans Fricke na wenzake walipomfuata kwa nyambizi Komoro na kumpiga picha za filamu, hawakumwona akitembea. Anayachezesha mapezi kwa kupokezana, la kulia la mbele pamoja na la kushoto la nyuma, kwa mwendo ule wa mnyama wa miguu minne, lakini anaelea. Kwangu mimi hilo ni zuri kuliko kama angetembea.

Jioni nilikaa kando ya Ziwa Singidani. Maji ya chumvi, mawe makubwa ya matale, ndege wengi.

Alhamisi, Singida hadi Babati

Siku ya basi. Mlima Hanang ulijitokeza tangu mbali na ukatufuata mpaka Katesh. Abiria wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo anayerudi likizo, aliuliza kama silikanti ndiye samaki wa chini kabisa.

Hata kidogo. Nilimwonyesha Hanang dirishani, mita zaidi ya 3,400 juu ya usawa wa bahari. Ukiuzamisha wote na kuongeza kilomita moja, unafikia sakafu anakoishi samaki aitwaye Bathypterois grallator, ambaye amepatikana hadi mita 4,700 hivi. Mwili wake ni wa sentimita thelathini na kitu, lakini mapezi yake mawili ya tumboni na sehemu ya chini ya mkia vina miiba mirefu inayoweza kukaribia mita moja. Anaisimamisha mitatu hiyo kwenye tope na kubaki juu yake, ameelekea mkondo wa maji. Macho yake ni madogo sana. Mapezi ya kifuani ameyageuza mbele kama papasi, na kijidudu cha jamii ya kamba kikiyagusa, kinaliwa. Ni dume na jike katika mwili mmoja, kwa sababu kule kukutana na mwenzako ni bahati ambayo huenda isije.

Zaidi yake wapo wengine. Mwaka 2022 kamera iliyoshushwa kusini mwa Japani ilimpiga picha samaki laini asiye na magamba akiwa mita 8,336 chini. Miili ya samaki hawa hukusanya kemikali inayozilinda protini zisipindwe na mgandamizo, na kadiri wanavyokaa chini zaidi ndivyo inavyoongezeka. Wataalamu wanaona kwamba mahali pa mwisho ambapo njia hiyo inaweza kufaa ni hapohapo, mita 8,200 hadi 8,400.

Kijana aliniuliza kwa nini basi nisifundishe hao wa maajabu zaidi. Kwa sababu jarife la Tanga haliwafikii. Huyu linamfikia.

Ijumaa, Kolo

Nilishuka Kolo, ofisi ya michoro ya miambani, nikapanda na mwongoza wageni. Michoro hii imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Twiga, pofu, watu warefu wembamba wenye vichwa vya mviringo, wengi wao kwa rangi nyekundu iliyotokana na mawe.

Nilisimama mbele ya wekundu ule nikamfikiria samaki wangu. Maji hula mwanga mwekundu kwanza. Kwenye kina cha silikanti kinachobaki ni buluu hafifu, na macho yake yamejirekebisha kwa hiyo buluu tu: protini zake mbili za kuonea zote zimesogezwa upande huo, na nyuma ya retina kuna tabaka linalorudisha mwanga ili upite mara ya pili. Ukuta huu wa Kolo, ukishushwa kule, kwake ungekuwa mweusi.

Lakini ana hisi ambayo mchoraji wa Kolo hakuwa nayo. Ndani ya pua yake kuna kiungo chenye vifuko vya utelezi vinavyonusa umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya viumbe hai. Fricke aliwaona wakisimama kichwa chini, mkia juu, kwa dakika nzima na zaidi, karibu na sakafu. Inadhaniwa kwamba wanapekua mawindo yaliyojificha kwenye mwamba, bila mwanga na bila kugusa. Mwongozaji alitaka kuona picha ya mkao huo, nikamchorea kwenye daftari lake la wageni kwa ruhusa yake.

Jumamosi, Kondoa

Mada ya mwisho ni uzazi, na ndiyo niliyoisubiri.

Silikanti hatagi. Mwaka 1975, katika jumba la makumbusho la historia ya viumbe la New York, jike aliyekuwa amehifadhiwa kwa miaka alipasuliwa na kukutwa na watoto watano tumboni. Mayai yake yana kipenyo cha hadi sentimita 9, makubwa kuliko ya karibu samaki wote, na mtoto hukua humohumo kwa kutegemea kiini mpaka anazaliwa kamili. Mwaka 1991 jike aliyenaswa Msumbiji alikuwa na watoto 26.

Je, mimba ni ya muda gani? Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walichunguza magamba ya silikanti 27 kwa mwanga maalumu, wakahesabu mistari myembamba ambayo waliotangulia hawakuiona. Makadirio ya zamani yalimpa maisha ya miaka 20 hivi. Wao walipata samaki wa miaka 84, na wakakadiria kwamba anaweza kufika 100. Anakomaa kuzaa akiwa na miaka takriban 55. Mimba ni miaka 5.

Niliyaandika ubaoni: 55, 5, na mwaka 2009 hifadhi ilipotangazwa. Nikawaomba wapige hesabu ya jike aliyezaliwa mwaka ule. Atakomaa 2064. Watoto wa kwanza, 2069. Nikauliza nani amezaliwa 2009, mikono mingi ikanyooka. Mtakuwa na miaka 60, nikawaambia, ndipo mwenzenu atakapozaa mara ya kwanza, kama hatanaswa hata mara moja katika usiku wote wa hapo kati.

Msichana mmoja alisimama. “Madam, shikamoo. Mjomba wangu anavua huko Tanga. Mnataka ale nini?”

Nilimshukuru, maana asipouliza yeye somo linabaki nusu. Mjomba wake hamvui silikanti kwa kupenda. Nyama yake ina mafuta na nta, hailiki vizuri, na sheria za kimataifa zinakataza kumuuza. Jarife linategwa kwa ajili ya papa, usiku, kwenye maji marefu, na silikanti hutoka pangoni usiku huohuo kwenye mteremko huohuo. Anakutana nalo kwa bahati mbaya ya pande zote mbili. Na utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi lenye tofauti na wale wa Komoro, kwa hiyo tusitegemee kwamba wageni watakuja kujaza pengo. Kwa maoni yangu jarife la usiku lingeondolewa kwenye miteremko yenye mapango, na mvuvi akasaidiwa kupata zana na mahali pengine pa kuvua, kwa gharama yetu sote, wa Kondoa tukiwemo.

Darasa liligawanyika. Wengine walisema sheria kali itoshe. Yule msichana alisema sheria bila chombo cha kuvulia ni kumnyang'anya mjomba, na wawili waliokaa naye wakamuunga mkono kwa nguvu. Kipindi kikaisha wakiwa bado wanabishana, kwa hiyo mwalimu wao amewapa mjadala huo kama kazi ya wiki ijayo: kila upande ueleze nani alipe, na alipe nini. Ameahidi kunitumia majibu yao Dodoma, na nimemwachia turubai walitumie mpaka watakapomaliza.